Ndoo Yenye Tundu na Benchi la Kinyozi

Saa moja na nusu asubuhi, ndoo inavuja kwenye baraza la zahanati na hakuna anayenyanyuka kuizuia.

Ni ndoo nyeupe ya plastiki, ile inayoonyesha maji kwa nje. Imetundikwa kwenye nguzo. Ubavuni kwa chini ina tundu la msumari, na maji yanatoka kwa uzi mwembamba hadi kwenye beseni. Imepigwa mistari miwili kwa rangi ya kucha: wa chini buluu, wa juu mwekundu.

Anayemimina maji ni mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mitatu, kitambaa kimemshuka mpaka kwenye nyusi. Mtaani wanamwita Mama Ndoo. Watoto wake wanne walishazoea, hata mwalimu wa mdogo wao akimwita mzazi shuleni anasema, "Mwambie Mama Ndoo aje."

"Kikombe hiki ni kidonge cha asubuhi," anawaambia wagonjwa ishirini na wawili waliobanana kwenye benchi mbili. "Mmekiona kimeingia? Sasa tazameni tundu. Mwili haukai na mgeni. Dawa ikishaingia tu, mwili unaanza kuitafutia mlango wa kutokea."

Anaacha maji yashuke mpaka chini ya mstari wa buluu.

"Hapa umemeza dawa na ni kama hujameza. Haikusaidii kitu." Anaongeza vikombe haraka haraka mpaka maji yanapita mwekundu. "Na hapa si dawa tena. Dawa na sumu ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni kipimo."

Bibi mmoja mwenye goti lililovimba ananyoosha fimbo yake kama mwanafunzi.

"Binti, nina swali. Kidonge nakimeza kwa mdomo. Goti liko huku chini. Kinajuaje njia?"

Benchi zote zinacheka. Mama Ndoo hacheki.

"Hakijui, bibi. Kinaingia tumboni, kinaingia kwenye damu, na damu inakitembeza kila mahali, hata kwenye sikio lisilouma. Kinabisha hodi kila mlango. Ila kidonge ni ufunguo. Wewe unaweza kuzunguka mtaa mzima na ufunguo wako, utafungua mlango wako tu."

"Na nyumba zenye kufuli zinazofanana?"

"Hapo umenena. Ndiyo maana dawa ya goti inaweza kukuchoma tumbo. Huko nako kuna kufuli inayofanana na ya gotini. Ndiyo maana umeambiwa ule kwanza."

"Kumbe kina tabia za wageni," bibi anasema. "Kimeitwa sebuleni, kinapitia jikoni."

Sasa anacheka hata Mama Ndoo. Lakini hamalizi hapo. Anamkabidhi bibi kikombe cha maji na kumwambia, "Haya, mimi nimenyamaza. Niambie wewe utameza vipi."

Hilo la "niambie wewe" ni jipya. Miezi miwili iliyopita alikuwa anafunga somo lake kwa neno moja, "Mmeelewa?", na benchi zote zilikuwa zinamjibu, "Ndiyooo."

"Hiyo 'ndiyooo' ndiyo niliyokuja kuiogopa kuliko ugonjwa," anasema.

Mama Ndoo aliishia darasa la saba. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mfagizi wa zahanati hii hii. Alipiga deki, alichemsha maji, alisikia mengi kupitia mlango ulioachwa wazi. Mama yake mzazi alikuwa na shinikizo la damu na alikuwa anameza dawa siku kichwa kikimuuma tu. "Nikimwuliza, ananiambia, 'Leo sijambo, nimeze ya nini?'" Siku moja mama yake aliamka mkono mmoja haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Yuko hai mpaka leo, anacheka kwa shavu moja.

Mwaka uliofuata zahanati ilitafuta wahudumu wa kujitolea wa kutembelea wagonjwa majumbani. Mfagizi aliweka ufagio chini, akawa wa kwanza kuandika jina lake.

Leo ana kaya sitini na nne. Anamaliza, kwa hesabu yake mwenyewe, jozi tatu za viatu kwa mwaka. Posho anayopewa anasema ni ya sabuni, "na sabuni yenyewe ya kipande." Jioni anauza mkaa nyumbani kwake.

Ndoo aliipata akienda jalalani. Ilikuwa ndoo ya deki, imetobolewa na msumari, akatumwa akaitupe. Akiwa njiani maji yaliyobaki yakawa yanamchirizikia mguuni. "Nikasimama. Nikasema, basi mama yangu ndiyo huyu. Kila siku inavuja, na yeye anasubiri kichwa kimuume ndiyo aijaze."

Wagonjwa walimwelewa. Waliokuwa wanaruka dawa wakaacha kuruka. Tabibu wa zahanati, kijana mpole mwenye miwani, alimnunulia rangi ya kucha ya mistari kutoka mfukoni mwake. Miaka minne ndoo ilifanya kazi bila kosa.

Halafu akaja Kinyozi.

Kinyozi ana miaka ishirini na tisa, mke mmoja, mtoto mmoja, na kiti kimoja cha kuzunguka kwenye saluni anayoendesha pamoja na kaka yake. Ana kifafa tangu utotoni. Alipoandikiwa dawa mpya, vidonge vitatu kila jioni, Mama Ndoo alikwenda saluni kumweleza.

"Ubongo unaongea, mdogo wangu," alimwambia. "Kipande hiki kinakiambia kile, kile kinakijibu. Kifafa ni kama saluni yako siku ya mpira, goli likiingia. Wote wanapiga kelele kwa pamoja, hakuna anayesikilizana, mpaka kiti kinaanguka. Dawa haiwafukuzi wateja wako. Inawashika bega wale wanaorudia rudia kupayuka, inawaambia taratibu."

Kinyozi alifurahi sana. Kwa miezi mitano hakuanguka hata mara moja. Alihudhuria somo la ndoo mara tatu, akakaa mbele. Alipoulizwa kama ameelewa, ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ndipo msimu wa joto ukaingia.

Habari za kwanza Mama Ndoo alizisikia kisimani, na zilikuja zimevaa nguo za umbea. Kinyozi siku hizi analewa mchana. Kinyozi anayumba. Kinyozi ulimi mzito. Kinyozi kamkata mzee mmoja sikio, kidogo tu, lakini sikio ni sikio, mzee kanyanyuka na nusu ya kichwa kimenyolewa, kasema, "Asante, hii nyingine nitamalizia nyumbani."

Kesho yake asubuhi alikwenda saluni. Alimkuta mke wa Kinyozi mlangoni na mtoto mgongoni.

"Dada, mimi nimemnusa mpaka pua imechoka," mke alisema. "Kila jioni namwambia hebu pumua. Hanuki kitu. Lakini anatembea kama ardhi imelainika. Jana kamimina chai pembeni ya kikombe, ananiambia anaona vikombe viwili. Nikamwambia basi ungemimina kile kingine."

Alicheka, kisha akalia hapo hapo.

Kaka mtu hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. "Mimi nampa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo naweka kinyozi mwingine kwenye kiti. Ni ndugu yangu, ndiyo, lakini wembe hauna undugu."

Ndani, Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja wake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanacheza kidogo kidogo, yakienda pembeni na kurudi. Aliposema "Karibu dada", neno lilitoka polepole kama limefungwa kamba.

Mama Ndoo alikaa kwenye benchi. Hakuuliza kitu. Ndivyo alivyo, wanaomfahamu wanasema anaweza kukaa na mtu nusu saa akitazama tu. Akatazama kioo, akatazama mashine, akatazama kalenda ukutani. Kalenda ilikuwa imening'inia upande, na nyuma yake palionekana mistari ya chaki. Akainyanyua. Mistari ilikuwa imepangwa safu safu, kila safu na siku yake.

"Hivi ni vichwa ulivyonyoa?" aliuliza. Safu ya juzi ilikuwa na mistari minane. Juzi, mke wake alikuwa ameshasema, walikuja wateja wawili.

"Hapana," Kinyozi alisema, na akaona haya. "Ni choo."

"Choo?"

"Kwenda haja ndogo. Kila nikienda naweka mstari. Si ulisema dawa inatoka? Joto hili nakunywa maji mengi, nakwenda sana. Nikipita mara sita, najua tundu limetanuka. Naongeza kidonge kimoja nirudishe kipimo. Siku moja nilikwenda mara kumi na moja, nikaongeza viwili." Akamtazama kama mwanafunzi anayesubiri kusifiwa. "Sijashuka chini ya buluu hata siku moja, dada."

Mama Ndoo alinyoosha mkono.

Akaomba kopo la dawa. Alikuwa amepewa vidonge tisini vya siku thelathini. Ilikuwa siku ya ishirini. Vilitakiwa vibaki thelathini. Vilikuwa tisa.

"Sasa nimejua kosa, basi nitupe vyote?" Kinyozi aliuliza, akishika kopo.

"Usiguse! Ukikata ghafla mwenyewe, kifafa kitarudi na ndugu zake wote. Simama. Twende kwa tabibu."

Kutoka saluni mpaka zahanati ni mwendo wa dakika tano. Siku hiyo ulikuwa nusu saa. Kinyozi alimwegemea Mama Ndoo upande mmoja, mke wake upande wa pili, na watu walisimama kwenye milango yao. Mmoja akasema, "Leo kalewa mpaka anabebwa na wake wawili." Mama Ndoo alimjibu bila kugeuka, "Na wewe ukiugua tutakubeba, tukiziba na pua kwa harufu yako."

Tabibu alimwambia Kinyozi afuate kidole kwa macho. Akamwambia atembee juu ya mstari wa vigae. Akasikiliza hadithi ya chaki mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Dawa imempita kipimo," alisema. "Hajalewa pombe. Kalewa dawa."

Akapiga simu hospitali kubwa, akaongea na daktari. Kinyozi akapewa kitanda. Vidonge vikasimamishwa kwa siku chache, lakini palepale chini ya macho ya muuguzi, kwa sababu ya kile kifafa na ndugu zake.

Kisha tabibu alivuta kiti akawaeleza. Dawa hii, alisema, haitoki kwa maji unayokunywa. Anayeimaliza ni ini. Ini ndilo linaloikatakata, figo zinatoa mabaki tu. Unaweza kwenda choo mara kumi na moja, dawa iko vilevile.

"Na ini lina kasi yake," aliendelea. "Dawa nyingine ukiongeza, ini nalo linaongeza mwendo. Kwa hii, likifika mwisho wa uwezo wake, limefika. Ukiongeza kidonge kimoja tu, halikimbii."

Kinyozi alikuwa amelala, macho kwenye dari. Halafu akasema, polepole kwa ule ulimi wake mzito:

"Kumbe ini ni kinyozi."

"Vipi?" tabibu aliuliza.

"Mimi kwa siku nanyoa vichwa kumi na viwili. Hata uje na fimbo, ni kumi na viwili. Wakija kumi na watatu, mmoja analala kwenye benchi. Kesho wakija tena kumi na watatu, benchini wako wawili. Keshokutwa watatu."

"Na siku ya ishirini?"

"Siku ya ishirini," Kinyozi alisema, "benchi limevunjika."

Tabibu alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Mke wa Kinyozi naye alicheka, kwa mara ya kwanza bila machozi. Mama Ndoo peke yake hakucheka. Aliaga, akapita barazani, akaitoa ndoo nguzoni akaondoka nayo.

Siku tisa hakufundisha. Aliificha ndoo nyuma ya magunia ya mkaa. Usiku hakulala vizuri, mchana hakula vizuri.

"Nilijiona mimi ndiye niliyemmiminia," anasema. "Sikumdanganya. Dawa zinatoka, ni kweli. Lakini sikumwambia zinatokea wapi, kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Na nilipouliza 'Mmeelewa?' alisema ndiyo. Hakusema uongo. Alikuwa ameelewa ya kwake."

Mumewe, fundi baiskeli, alimwacha na huzuni yake siku saba. Siku ya nane akasema, "Mama watoto, hiyo ndoo hata maji haikai nayo. Wewe kosa moja unakaa nalo mpaka lini?"

Kinyozi alirudi nyumbani siku ya sita, anatembea wima. Macho yalikuwa yametulia. Kikombe kilikuwa kimoja. Alirudishiwa vidonge vyake vitatu vya jioni, vitatu tu, na mke wake ndiye anayetunza kopo. Hakuanguka.

Mwili ulipona. Sifa ndiyo ilibaki mgonjwa. Alifungua saluni siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu walikuja, wakakaa kwenye benchi, wakapiga soga, wakasoma gazeti la wiki iliyopita. Kwenye kiti hakupanda mtu. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku mbili, na kaka mtu alikuwa tayari ameshazungumza na kinyozi wa mtaa wa pili.

Siku ya nne Mama Ndoo aliingia. Benchi lilikuwa limejaa wanaume. Alipita katikati yao, akapanda kwenye kiti, akafungua kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, zimesukwa mistari minane hadi shingoni.

"Ninyoe," alisema.

"Dada, hizo ni nywele za miaka mingi."

"Sijakuuliza umri wake. Zote. Na pembeni utumie wembe."

Jamaa mmoja kwenye benchi akasema, "Mama, ungeandika wosia kwanza."

"Nimeshaandika. Wewe umeachiwa ndoo."

Walicheka. Kinyozi alifumua mstari mmoja mmoja. Akawasha mashine. Kaka mtu aliacha kuegemea ukuta. Nywele zilianguka sakafuni kwa mafungu, na hakuna aliyegeuza kurasa za gazeti. Ilipofika zamu ya wembe, nyuma ya sikio la kushoto, Mama Ndoo alifumba macho.

"Kusema kweli niliogopa," anasema. "Mimi si shujaa. Lakini nilikuwa nimemwona akiuchukua wembe. Haukutikisika."

Ulipita nyuma ya sikio la kushoto, ukapita la kulia, ukashuka shingoni. Kinyozi alimpangusa kwa taulo, akamgeuza atazame kioo. Hapakuwa na tone la damu. Palikuwa na kichwa cha mviringo kinachong'aa, na mwanamke aliyekishika kwa mikono miwili kama anakipima uzito.

"Kumbe nina kovu hapa," alisema. "Nilianguka mtini nikiwa mdogo, nilishalisahau."

Yule jamaa wa wosia ndiye aliyenyanyuka wa pili. "Haya, sogea mama, na mimi nina haraka." Siku hiyo Kinyozi alinyoa vichwa tisa. Kaka yake alinyoa vitatu, kisha akampigia simu yule wa mtaa wa pili, akamwambia nafasi hakuna.

Ndoo ilirudi barazani kesho yake. Sasa iko na mwenzake. Kila Jumanne, kabla ya kufungua saluni, Kinyozi anakuja kukaa karibu nayo, na Mama Ndoo akimaliza la maji, yeye anaanza la benchi: ini, vichwa kumi na viwili, na kwa nini mtu asijiongezee hata kidonge kimoja bila kuuliza. Ukutani saluni mistari ya chaki bado ipo. Hataki kuifuta. Akiulizwa na wateja, anajibu, "Hayo ni mahesabu ya mtu aliyesema ameelewa."

Mama Ndoo ana mpango. Tabibu amemwahidi kila Ijumaa mchana nusu saa ya kumfundisha dawa moja: inaingiaje, inafungua kufuli gani, nani anaimaliza, ini au figo. Amenunua daftari la kurasa mia mbili. Ameshajaza dawa saba. Zahanati ina dawa arobaini na nane, na anataka azimalize zote kabla nywele hazijarudi kufika shingoni.

"Nywele zangu zinakua haraka," anasema akisukuma kitambaa nyuma, na chini yake zinaonekana fupi, nyeusi, za urefu wa pingili ya kidole. "Kwa hiyo nimejibana mwenyewe."

Barazani, leo Jumanne, Kinyozi amekaa karibu na ndoo na bibi wa goti bado ameshika kikombe. Wote wanamsubiri.

"Nitakula kwanza," anasema, akihesabu kwa vidole. "Kisha kimoja. Jioni nitakula tena, kisha kimoja. Kikinichoma tumbo, nakuja hapa, sikai nacho. Goti likizidi kuuma, nakuja hapa, siongezi."

"Na ukijisikia umepona?"

Bibi anafikiri. Anatazama ndoo, anamtazama Kinyozi, anakitazama kitambaa cha Mama Ndoo.

"Nakuja hapa," anasema. "Lakini kichwa changu hamkinyoi."